Nilifeli mtihani wa kukimbia wa polisi mara mbili, na nilipopita ndo nikajua kazi bado

Mara ya kwanza nilitolewa dakika ya tano. Mguu wa kulia ulikuwa bado hewani, imebaki hatua moja nikanyage mstari, bipu ikalia. Mkufunzi aliyekuwa kasimama mwisho na karatasi yake akaninyooshea kalamu, "namba yako, hiyo ni mara ya pili unachelewa mstari, toka". Nikatoka pembeni nikashika magoti, nikawa naangalia wenzangu wanaendelea kwenda na kurudi, na kitu kilichoniuma sio kutolewa, ni kwamba mimi nilikuwa nimejiandaa. Miezi mitatu nzima kila alfajiri nakimbia kilomita 5, sikosi, sasa inakuwaje nashindwa kitu cha dakika sita?

Kwa ambae hajawahi kukutana na hii mbio ya bipu: wanapima mita 20, wanaweka koni huku na huku, spika inatoa mlio, unatakiwa uwe umekanyaga mstari wa pili kabla mlio unaofuata haujalia. Dakika ya kwanza ni mwendo wa kilomita 8.5 kwa saa, yaani una kama sekunde 8 na nusu kuvuka, mwendo wa mtu anaewahi gari tu. Alafu kila dakika wanaongeza nusu kilomita kwa saa, na kila dakika ndo inaitwa hatua. Walioileta ni Luc Léger na mwenzake kule Montreal, Canada, mwaka 1982, lengo likiwa kupima uwezo wa mtu kutumia oksijeni bila kumpeleka maabara na kumvalisha barakoa. Ndo maana mapolisi wa nchi nyingi wameipenda, inahitaji uwanja mdogo na spika basi.

Sisi tulitakiwa kumaliza hatua ya 6. Ukipiga hesabu ni kama kilomita 1 tu. Kilomita moja! Na mimi nakimbia tano kila siku. Lakini ndani ya ile kilomita moja unageuka karibu mara 50, na hapo ndo siri yote ilipo, kwasababu barabarani ukishashika mwendo mwili unabebwa nao, mguu unaenda wenyewe, ila hapa kila sekunde saba nane unatakiwa uusimamishe mwili mzima, uugeuze, uuanzishe upya kutoka sifuri, na wakati huo mlio haukusubiri. Mapaja yangu hayakuwahi kufundishwa hicho kitu hata siku moja. Mapafu yalikuwa yapo, nakwambia kweli, pumzi ilikuwa bado inatosha, mapaja ndo yalikataa, yakawa mazito kama yamefungwa mchanga.

Na kosa la pili ambalo nimekuja kuliona kwa watu wengi sana baadae: dakika mbili za kwanza nilikuwa nafika kwenye mstari mapema, nasimama, nasubiri mlio, naondoka kwa kasi tena. Nilikuwa naona naonyesha uwezo. Kumbe nalipia nguvu ambayo hakuna mtu kaniomba. Anaejua anatembea na mlio, anafika mguu na bipu vinagusa pamoja, hajafika mapema wala hajachelewa.

Basi nikaambiwa kuna nafasi ya kurudia baada ya wiki sita. Wiki sita hizo ndo nilizoziharibu kuliko miezi yote mitatu.

Nilirudi na hasira. Nikaweka alama mbili kwenye sakafu ya zege, nikawa napiga kwenda na kurudi kila siku, asubuhi na jioni, raba nilizonazo soli ishaisha upande wa nje, sipumziki hata siku moja kwasababu kichwani nahesabu siku zilizobaki. Wiki ya tatu nikaanza kusikia maumivu kwenye ugoko wa kushoto, kwa ndani, robo tatu kwenda chini. Mwanzo yalikuwa yanakuja nikianza kukimbia alafu yanapotea nikishapata joto, kwahiyo nikayachukulia kama ni kawaida, mazoezi yanauma. Wiki ya tano yakawa hayapotei tena. Nikiamka kitandani naweka mguu chini najishikiza kwanza kwenye ukuta. Ukiweka kidole gumba pale kwenye mfupa kulikuwa na sehemu moja, ukubwa wa kifungo cha shati, ukiibonyeza machozi yanatoka.

Sikumwambia mtu. Niliogopa nikisema nitatolewa kwenye orodha.

Siku ya mtihani nikafunga bandeji chini ya soksi, nikaenda. Sikufika mbali, hatua ya tatu nilipogeukia mguu wa kushoto nikasikia maumivu yamepanda mpaka kwenye goti nikakaa chini palepale kwenye mstari. Daktari alivyoangalia akasema mfupa ulishaanza kuweka ufa, bado kidogo uvunjike. Wiki nane bila kukimbia.

Nataka nikae hapa kidogo kwasababu hili ndo linalowamaliza vijana wengi wanaotafuta hii kazi kuliko ile bipu yenyewe, na hakuna anaewaambia. Daktari yule alinieleza kitu kimoja kikanikaa mpaka leo. Moyo na mapafu vinabadilika haraka, ndani ya wiki chache tu unaona pumzi imeongezeka, lakini mfupa uko taratibu. Mfupa ukiubebesha mzigo mpya mwili kwanza unakula ile sehemu ya zamani ndo ujenge mpya yenye nguvu zaidi, na pale katikati, kabla mpya haijakomaa, mfupa unakuwa dhaifu kuliko ulivyokuwa mwanzo. Sasa wewe pumzi inakwambia twende, umeshakuwa fiti, unaongeza, unaongeza, na mfupa bado uko kwenye ujenzi. Ndo unapasuka hapo. Kwahiyo maumivu ya misuli yaliyoenea, yanayoisha baada ya siku mbili, hayo endelea nayo. Maumivu ya sehemu moja unayoweza kuionyesha kwa kidole, tena juu ya mfupa, tena yanaongezeka kila siku, hayo ni ya kusimama leoleo. Sio kesho. Na umwambie mtu.

Wiki nane zile sikulala tu. Nilikuwa naogelea, napiga baiskeli ya mazoezi isiyotembea, na nikaanza mazoezi ya nguvu ambayo nilikuwa nayadharau, kuchuchumaa na uzito, kupanda ngazi mguu mmoja mmoja, kunyanyua visigino. Pushapu nilikuwa siwezi hata tano sawasawa. Wengi wanaambiwa waanze na magoti chini, mimi haikunisaidia, nikipiga na magoti naweza 20, nikinyoosha miguu siwezi 3. Kilichonisaidia ni kuweka mikono kwenye kitu kirefu, mwanzo ukingo wa meza, mwili umenyooka kuanzia kisigino mpaka kichwa, nikiweza 15 safi nashuka kwenye kitu kifupi zaidi, kiti, kisha ngazi ya pili, ngazi ya kwanza, mpaka chini. Ilichukua kama miezi minne. Siku nilipopiga ya kumi kifua kinagusa ngumi ya mwenzangu aliyekuwa anahesabu, nilibaki nimelala pale chini nacheka peke yangu.

Niliporudi kukimbia nikakimbia mara tatu kwa wiki tu, sio kila siku. Moja ndefu ya polepole, mwendo wa kuweza kuongea. Moja ya vipande, dakika mbili kasi dakika mbili kutembea, nikaanza na vinne nikafika nane. Na moja ya kwenye mita 20, kwenye nyasi, nikijifunza kugeuka: unashusha nyonga kidogo hatua mbili kabla ya mstari, unaweka mguu mmoja umekaa kwa upande, unasukuma, na unabadilisha, safari hii umegeukia kulia, inayofuata kushoto, ili goti moja lisibebe kazi yote. Kwa wiki nilikuwa siongezi zaidi ya sehemu moja ya kumi ya nilichofanya wiki iliyopita. Ni kanuni ya makocha, sio sheria, lakini kwa mtu mwenye haraka kama mimi ilinishika mkono.

Mara ya tatu nikapita. Nilimaliza ya 6 nikaingia ya 7 nikakimbia mikimbio mitatu minne zaidi alafu nikasimama mwenyewe.

Sasa nilipoingia chuoni ndo nikagundua kuhusu viwango kitu ambacho sikuwa nakijua, kwamba kila sehemu wana chao na kila mmoja anaamini ndo sahihi. England na Wales wanatumia bipu ya mita 15 badala ya 20, na anaetaka kuingia anatakiwa afike hatua ya 5 mkimbio wa 4, kama mita 525 hivi ndani ya dakika tatu na nusu na ushee, inalingana na kutumia mililita 35 za oksijeni kwa kila kilo ya mwili kwa dakika. Vyuo vingi vya polisi vya Marekani wanakimbiza maili 1.5, yaani kilomita 2.4, kitu kilichotokana na kazi ya daktari wa jeshi la anga, Kenneth Cooper, aliyeleta mtihani wake wa dakika 12 mwaka 1968. FBI, wale wapelelezi wa serikali ya Marekani, kwa miaka mingi waliweka sitapu za dakika moja, mbio za mita 300, pushapu na hiyo maili 1.5, siku moja vyote.

Alafu kuna ule mjadala wa wanawake, na mimi kama mwanamke nitausema ninavyouona. Kuna wanaoweka kiwango tofauti kwa umri na jinsia na kuna wanaoweka kimoja kwa wote. Marekani ilifika mpaka mahakamani, polisi wa usafiri wa Philadelphia waliweka maili 1.5 kwa dakika 12 kwa kila mwombaji, wanawake wengi wakaanguka, wakashtaki, kesi ikazunguka miaka, mahakama ya rufaa mwaka 1999 ikasema kiwango cha kukatia watu lazima kiwe ni kile cha chini kabisa kinachohitajika kuifanya kazi vizuri, na mwaka 2002 ikakubali kwamba zile dakika 12 zinakidhi. Mimi lile swali ndo naliona la maana kuliko jibu lao. Kazi inahitaji nini? Mimi sitaki kupunguziwa, mtu ninaemkimbiza hatapunguza mwendo kwasababu mimi ni dada, lakini pia sitaki mtu awekewe pushapu 60 kwasababu tu mkubwa fulani zamani alizipiga. Niambie kazi inataka nini, nitaenda nikaitafute.

Na kuna jambo moja chuoni sitalisahau na bado linanikera. Kuna mwenzetu, kijana mwenye bidii sana, alichelewa foleni, akapewa adhabu ya kuchuchumaa na kusimama, mamia, bila kupumzika, jua la saa saba. Alimaliza. Kesho yake miguu imevimba haikunji, na akaniita pembeni kwa aibu akaniambia mkojo umekuwa rangi ya kahawa. Nilikuwa nimesoma kidogo kuhusu hilo wakati wa ule ufa wangu, nikamwambia twende zahanati sasa hivi hata kama tutaadhibiwa wote. Misuli ikilazimishwa kupita uwezo wake inavunjika, vitu vilivyokuwa ndani ya msuli vinamwagika kwenye damu, figo zinashindwa kuchuja. Alilazwa siku tisa amewekewa dripu. Akapona, ila kuna watu hawaponi. Mtu aliyempa ile adhabu alikuwa anaamini kabisa anamkomaza. Huko sio kukomaza. Ukakamavu unajengwa kwa kuongeza kidogo na kupumzika, ukiugeuza kuwa fimbo ya kuchapia watu unaharibu watu wazuri, na wale waliobaki wanajifunza kuficha wanapoumia kama mimi nilivyoficha ugoko. Mkojo ukiwa mweusi baada ya zoezi, au mwenzako ameanza kuongea maneno hayaeleweki kwenye jua, usimpe maji ukamwambia akae kivulini atapata nafuu. Huyo wa jua mmwagieni maji ya baridi mwili mzima hapohapo huku mkiita msaada, na huyo wa mkojo hospitali.

Haya, nirudi kwenye kilichonibadilisha.

Mwezi wa tatu chuoni tulipewa zoezi ambalo kwenye karatasi lilionekana dogo. Unavaa vyote, fulana ya kuzuia risasi, mkanda na vyombo vyake, buti. Vyangu vilikuwa karibu kilo 9. Unakimbia mita 200, unaruka ukuta mfupi, unamvuta mwenzako aliyelala mita 10, alafu mwisho kuna mtu kasimama, unamuamuru alale chini, unamfunga pingu, unaripoti kwenye redio uko wapi na umefanya nini. Nikasema hili langu, mimi ninaepita mpaka hatua ya 8 saivi.

Nikakimbia vizuri. Ukuta nikauruka. Yule wa kuvuta alikuwa mzito lakini alifika. Nikafika kwa mtuhumiwa, nikamlaza, nikatoa pingu. Na hapo mikono ikakataa. Vidole vinatetemeka kama sio vyangu, meno ya pingu yanagonga kwenye mfupa wa kiganja cha yule mwenzangu hayaingii, najaribu tena, inateleza, jasho linaniingia machoni, mkono mmoja umefungwa mwingine uko huru, na mwenzangu kama alivyoagizwa akaanza kujivuta. Nikakalia mgongo wake mpaka ikaingia. Nikashika redio nikabonyeza, nikaanza kuongea, na sauti iliyotoka ilikuwa pumzi tupu, hakuna neno lililosikika. Afande akanyoosha mkono akachukua redio kwangu polepole. "Kuruta, umekimbia vizuri. Sasa sema uko wapi."

Sikuweza. Nikanyamaza pale nahema.

"Mimi sijakuuliza mbio," akasema. "Nakuuliza kimebaki nini."

Jioni yake nikamfuata. Nikamwambia afande naomba unielekeze, pumzi ninayo, nguvu ninayo, kwanini mikono imeniacha? Akanieleza taratibu kabisa, hakunifokea. Moyo ukipanda sana na hofu ikachanganyika humo, vidole vinapoteza ule ustadi mdogo mdogo, masikio yanasikia nusu, macho yanaona kitu kimoja tu cha mbele. Akasema mtihani wa kuingilia unapima kama una tanki, haupimi unaendeshaje gari wakati tanki linakaribia kuisha. Anaefika kwenye kazi akiwa kwenye mwisho wa uwezo wake hana cha kufanyia kazi. Kwahiyo vitu viwili: ongeza uwezo ili ile kazi iwe nusu yako na sio yote yako, na fundisha mikono kufanya kazi wakati moyo umepanda, sio wakati umekaa kwenye kiti.

Tangu siku ile nikabadilisha namna ya kujizoeza. Nakimbia kipande cha kasi dakika moja na nusu, nasimama, papohapo nafunga pingu kwenye nguzo ya ngazi, nafungua, nafunga, alafu nasema kwa sauti namba ya gari ya mwisho niliyoiona kabla ya kuanza. Mwanzo nilikuwa sikumbuki hata herufi moja. Na kabla ya kugusa redio natoa pumzi ndefu kwanza, natoa, sio kuvuta, kwasababu mtu aliyekimbia kashajaza kifua na anazidi kuvuta juu ya iliyojaa, ndo maana maneno hayatoki. Ukiitoa yote hadi chini inayofuata inaingia yenyewe, na unapata kama sekunde nne za sauti ya kawaida. Sekunde nne zinatosha kusema uko wapi.

Wenzangu waliona najisumbua, mtihani nimeshapita sasa nafanya nini huko nyuma ya bweni na nguzo. Wawili wakaja kujaribu wakabaki. Ikawa kila jumatano tunakutana watatu, mmoja anakimbia, mmoja anakuwa mtuhumiwa, mmoja anashika redio upande wa pili na kazi yake ni kusema "sijakusikia, rudia" mpaka asikie kweli.

Miezi saba baada ya kumaliza chuo, usiku, nikamkimbiza mtu kwa miguu. Haikuwa mbali, sidhani kama ilifika mita 250, ngazi zikiwemo. Mwenzangu alikuwa kazunguka na gari upande wa pili. Nikamkuta yule mtu ameteleza amekaa, nikamuamuru alale kifudifudi, akalala. Mkono wa kulia, pingu ikaingia. Wa kushoto ikaingia. Nikazifunga ile kufuli ndogo ya pembeni ili zisiendelee kumbana, nikapitisha kidole kuangalia kama kuna nafasi, ipo. Nikatoa pumzi yote. Nikabonyeza redio nikataja mtaa, nikataja upande, nikasema mmoja chini ya ulinzi hajaumia.

Sauti ya upande wa pili ikajibu hapohapo, "Nimekupata."